Siku Tatu za Kurekodi, Dakika Ishirini na Tano za Vumbi: Hotuba Kuhusu Makauboi wa Televisheni

Shikamooni wazee. Mabibi na mabwana, hamjambo. Nanyi vijana mliokuja kusikiliza habari za tamthilia zilizorekodiwa kabla wazazi wenu hawajaoana, karibuni sana.

Mazungumzo ya makauboi huwa yanaishia kwenye nani alimpiga nani risasi. Leo naomba tuzungumzie mafundi. Ukiuliza kwa nini tunazipenda tamthilia zile hadi leo, jibu langu ni hili: karibu kila kitu kinachotugusa ndani yake kilitokana na kubanwa na muda na fedha, na watu hodari wakabuni njia ya kupenya. Ukizijua njia hizo hupungukiwi na utamu wa mchezo. Unaongezeka.

Tuanze na Gunsmoke, maana ndiyo mama yao. Ilianza kama mchezo wa redio wa shirika la utangazaji la CBS mwaka 1952, kazi ya Norman Macdonnell na mwandishi John Meston, na sauti ya Matt Dillon, mlinda sheria wa Dodge City, Kansas, ilikuwa ya William Conrad. Tarehe 10 Septemba 1955 ikaingia kwenye televisheni, John Wayne mwenyewe akitokea mwanzoni kuitambulisha. Nafasi ya Dillon akapewa James Arness, mwenye urefu wa mita 2 na ushei. Ilidumu misimu 20, vipindi 635, hadi tarehe 31 Machi 1975.

Sasa piga hesabu. Misimu mitano ya mwanzo kila mmoja ulikuwa na vipindi 39, na wa sita vipindi 38. Kila kipindi kilitangazwa kuwa cha nusu saa. Ukiondoa matangazo ya biashara, hadithi yenyewe ilibaki na dakika kama 25 au 26. Kwa tamthilia za aina hiyo, kurekodi kipindi kimoja kwa kawaida kulipewa siku tatu hivi. Maana yake mafundi walitakiwa kutoa dakika nane za hadithi iliyokamilika kila siku, wakati sinema kubwa za zama zile ziliridhika na dakika mbili tatu kwa siku. Hapo hakuna nafasi ya kurudia tukio mara kumi wala ya kusubiri wingu lipite. Hata hadithi nyingi za mwanzo zilichukuliwa kutoka kwenye michezo ya redio iliyokwisha kurushwa, kwa sababu zilikuwa zimeshapimwa masikioni mwa watu.

Haraka hiyo ndiyo iliyowafanya waandishi wawe wakali wa maneno. Katika dakika 25 huwezi kuweka vita ya watu mia. Unaweka watu watatu ndani ya chumba, mmoja ana siri, mwingine ana bastola, na Doc Adams, daktari wa mji, amekaa pembeni akinung'unika. Ndiyo maana vipindi vile vya nusu saa, kwa maoni yangu, ni bora kuliko vingi vya saa nzima vilivyokuja baada ya 1961. Vya saa nzima vina mandhari na wageni mashuhuri, lakini mara nyingi hadithi inavutwa ili itoshe.

Chester, msaidizi wa Dillon aliyeigizwa na Dennis Weaver, alikuwa na mguu usiokunjika. Huo ulikuwa uamuzi wa kiufundi. Msaidizi asiyebeba bastola kiunoni anahitaji sababu ya kutoingia kwenye kila ugomvi, na mguu ule ukawa ndiyo sababu. Weaver alilipa gharama yake: kupanda ngazi, kuruka tandiko, kuvaa kiatu cha buti, vyote kwa mguu mkavu kama gongo, miaka tisa mfululizo. Kwa nafasi hiyo alipata tuzo ya Emmy mwaka 1959.

Msimu wa 1958 hadi 1959, katika programu 10 za televisheni zilizotazamwa zaidi Marekani, 7 zilikuwa tamthilia za kauboi: Gunsmoke, Wagon Train, Have Gun – Will Travel, The Rifleman, Maverick, Tales of Wells Fargo na ile ya Wyatt Earp. Zote zilihitaji mji, jangwa, farasi na kichochoro cha kupigania. Mahali pa kuvipata palikuwa pachache, karibu na Los Angeles, ili mafundi wasilale safarini. Iverson Ranch, pale Chatsworth, lilikuwa shamba la majabali makubwa. Jabali ambalo farasi wa tamthilia ya The Lone Ranger husimama kando yake kwa miguu ya nyuma, mwanzoni mwa kila kipindi, liko hapo. Ukizoea macho utaanza kuyatambua majabali yaleyale katika tamthilia tofauti, leo yakiwa Texas, kesho Arizona.

Usiku nao ulipatikana mchana. Kurekodi usiku halisi kunataka taa kubwa na jenereta, na wafanyakazi hulipwa zaidi. Kwa hiyo walirekodi jua likiwaka. Kwenye filamu ya nyeusi na nyeupe, mpiga picha aliweka kichujio chekundu mbele ya lenzi, anga la buluu likageuka karibu jeusi, kisha akabana mwanga unaoingia ili kila kitu kififie. Kichujio hicho kina gharama yake: midomo myekundu hupauka, hivyo mpambaji lazima abadilishe rangi ya uso. Jua lazima liwe nyuma ya mwigizaji au ubavuni, likimpiga usoni ule si usiku tena. Anga jeupe lenye ukungu halikubali kichujio, litabaki linang'aa, kwa hiyo kamera inainamishwa ili anga lisionekane kabisa. Ukitaka kujua kama "usiku" unaoutazama ni wa mchana, angalia chini ya kwato za farasi: kivuli kikali cheusi, chenye kingo zilizonyooka, ni cha jua. Filamu za rangi zilipokuja, kichujio chekundu hakikufaa tena, maana kingeigeuza picha yote nyekundu. Ndipo usiku wa makauboi ukawa wa samawati.

Rangi inatuleta Bonanza. Kituo cha televisheni cha NBC kiliianza tarehe 12 Septemba 1959, na tangu kipindi cha kwanza ilikuwa ya rangi, wakati nyumba nyingi za Marekani zilikuwa na televisheni za nyeusi na nyeupe. Sababu ilikuwa biashara: NBC ilikuwa mali ya RCA, na RCA ilikuwa inauza televisheni za rangi. Ziwa Tahoe la buluu, misonobari ya kijani na ule moto unaoila ramani ya Ponderosa, shamba la mifugo la kwenye hadithi, vilikuwa vinamshawishi mtu aende dukani. (Ramani yenyewe ilichorwa na Robert Temple Ayres, na ukiitazama dira yake utaona kaskazini haiko juu.) Bonanza ikafikisha misimu 14 na vipindi 431, na kuanzia 1964 hadi 1967 ndiyo iliyoongoza kwa watazamaji.

Jambo ambalo watu wengi hawalitilii maanani ni nguo za akina Cartwright, baba na wanawe wenye shamba hilo. Ben ana kizibao chake cha ngozi, Hoss ana kofia yake ndefu, Little Joe ana koti la kijani, Adam ana nguo nyeusi, mwaka nenda mwaka rudi. Mtazamaji hudhani ni tabia ya wahusika tu. Mhariri wa filamu anaona kingine: ukiwa na picha nzuri ya farasi wanne wakipita bondeni kwa mwendo wa shoti, na wapandaji hawabadilishi nguo, picha hiyo unaitumia mara ishirini. Huna haja ya kurudi tena Tahoe na farasi, wapishi na mafundi arobaini. Kasoro hujitokeza pale mwigizaji anapoondoka au hali ya hewa haipatani: kivuli cha asubuhi kinafuatwa na kivuli cha alasiri, au wanaondoka nyumbani chini ya mawingu na hatua kumi mbele jua limewaka. Pernell Roberts, aliyekuwa Adam, alipoacha kazi mwaka 1965, picha zote za wapandaji wanne zikawa hazitumiki tena kwa hadithi mpya.

Maverick ya ABC ilibanwa na kalenda. James Garner alikuwa stelingi peke yake, na kipindi kimoja, cha saa nzima, kilichukua takriban siku 8 kurekodiwa. Wiki ina siku 7. Fanya hesabu ya miezi miwili utaona kipindi cha kurusha kimekwisha na kipya hakijakamilika. Dawa ikawa kumzalia Bret Maverick ndugu: Bart, aliyeigizwa na Jack Kelly. Vikundi viwili vya mafundi vikawa vinafanya kazi sambamba, kila ndugu na hadithi yake. Ule utani wao wa ndugu wawili wacheza karata, ambao watu huutaja kwa mapenzi, ulianzia kwenye ratiba. Na waandishi walipogoma mwaka 1960, Warner Brothers, kampuni iliyoitengeneza, ilichukua hadithi za tamthilia zake za zamani, ikabadilisha majina ya wahusika na miji, ikazirusha upya zikiwa na jina la mwandishi "W. Hermanos" (hermanos ni Kihispania cha brothers, yaani ndugu).

Bastola sasa, na hapa naomba tukae kidogo.

Bastola ya makauboi wa televisheni kwa kawaida ni Colt ya mwaka 1873. Ina matundu sita ya risasi kwenye silinda, na kila unapotaka kufyatua lazima uvute nyundo nyuma kwa kidole gumba kwanza. Hapo ndipo tatizo la mashindano ya kuchomoa haraka linapozaliwa. Ala ya kawaida, yaani mfuko wa ngozi wa kuwekea bastola kiunoni, inaikumbatia silinda. Ukijaribu kuvuta nyundo bastola ikiwa bado ndani, silinda inagoma kuzunguka na nyundo inakwama katikati. Arvo Ojala, bingwa wa kuchomoa bastola, alitatua hilo kwa kuweka bati la chuma katikati ya tabaka mbili za ngozi. Chuma kinaishika ngozi isibane, silinda inapata nafasi ya kuzunguka, na mwigizaji anaweza kuvuta nyundo kabla bastola haijatoka. Alipata hataza ya ala hiyo mwaka 1958, na akawafundisha waigizaji wengi kuchomoa. Ndiye pia yule mtu anayesimama mbele ya Matt Dillon kwenye mwanzo wa Gunsmoke na kuanguka wiki baada ya wiki. Mwalimu alikubali kushindwa na mwanafunzi mbele ya taifa zima!

Hatari ya mtindo huo iko wazi: nyundo imeshavutwa, kidole kiko kwenye kifyatuo, mtutu bado unatazama mguu. Ndiyo maana mafunzo yalianza polepole, bastola tupu, kidole nje ya kifyatuo mpaka mtutu uwe sambamba na ardhi.

Risasi walizotumia zilikuwa risasi baridi, ganda lenye baruti lakini bila kichwa. Kulikuwa na ganda moja maarufu lililotengenezwa liingie katika bastola na bunduki za vipenyo mbalimbali vya zama za kauboi, .38-40, .44-40 na .45, ili msimamizi wa silaha asibebe masanduku matano na kukosea katikati ya pilikapilika. Baruti yake ilikuja kwa vipimo: kamili, nusu na robo. Kamili ni kwa picha ya mbali inayotaka moshi mwingi. Robo ni kwa watu walio karibu, na ndani ya chumba, maana mlio wa kamili ndani ya kuta nne unaumiza masikio ya watu na kutimua farasi walioko nje. Farasi waliwekewa pamba masikioni. Na risasi baridi si mchezo: mdomo wa mtutu unatoa moto, chembe za baruti na vipande vya kile kizibo kinachoizuia baruti isimwagike. Kwa umbali mfupi vinachoma na vinapofua. Kwa hiyo mwigizaji hamlengi mwenzake. Analenga pembeni kidogo, na kamera inawekwa mahali ambapo jicho la mtazamaji haliwezi kuona tofauti.

The Rifleman ya ABC, 1958 hadi 1963, ilikuwa na bunduki badala ya bastola. Chuck Connors alikuwa na karibu mita 2 za urefu na alishacheza mpira wa kikapu na besiboli ya kulipwa, kwa hiyo mikono yake iliweza kuizungusha Winchester nzima kama fimbo. Wenzo wa kupakia ulitengenezwa na kitanzi kikubwa ili mkono upite. Siri ya kasi yake ilikuwa skrubu ndogo iliyopenya kwenye wenzo karibu na kifyatuo: kila wenzo ulipofungwa, skrubu ilikibonyeza kifyatuo, na bunduki ikalia bila kidole kugusa. Skrubu ikirudishwa nje, inakuwa bunduki ya kawaida. Mjuzi wa silaha atakwambia Winchester ile ni ya mwaka 1892, na hadithi ni ya miaka ya 1880. Ni kweli. Vivyo hivyo Steve McQueen katika Wanted: Dead or Alive alibeba Winchester ya 1892 iliyokatwa, na kwenye mkanda wake akapanga risasi za .45-70 ambazo haziingii kabisa kwenye bunduki ile. Zilichaguliwa kwa kuwa ni nene na zinapendeza kwenye kamera.

Kuhusu farasi kuanguka, zamani za sinema walifungwa waya miguuni, wakakimbizwa hadi waya ukaisha. Wengi walivunjika. Baada ya farasi kufa katika filamu moja ya mwaka 1939, chama cha kutetea wanyama cha American Humane kiliweka ofisi Hollywood mwaka 1940, na mtindo ule ukapigwa vita. Televisheni ilirithi njia bora: farasi waliofundishwa kuanguka. Mpandaji anavuta hatamu upande mmoja, shingo inageuka, farasi analala kwa bega. Mahali pa kuangukia pamechimbwa na kujazwa udongo laini au mchanga, juu pakapakwa vumbi lifanane na barabara. Farasi wa aina hii alikuwa na thamani kubwa, na alichaguliwa kwa utulivu kuliko kwa uzuri.

Chupa za baa zilizovunjwa vichwani nazo zilikuwa sukari iliyochemshwa ikapita kiwango cha kashata, ikamiminwa kwenye kalibu mpaka ikawa kioo. Chini ya taa kali inalainika, penye unyevu inanata, hivyo haiwekwi stoo. Viti vilikuwa vya mti mwepesi wa balsa. Mtu akijisahau akakikalia kabla ya tukio, kazi inasimama.

Na sauti ya kwato? Redio ilishalitatua hilo kwa vifuu vya nazi, jambo ambalo mtu wa pwani atalifurahia. Vifuu viwili na sinia la mchanga au kokoto. Mwendo wa kawaida wa farasi una mapigo manne yaliyotengana, matiti, yaani mbio ndogo, ni mapigo mawili, shoti ya wastani ni matatu kisha kimya kifupi. Kosa la anayeanza ni kupiga mapigo sawasawa kama saa ya ukutani. Sikio linakataa mara moja.

Siwezi kuzisifu tamthilia hizi nikaficha zilichokiacha nje. Miongoni mwa wachunga ng'ombe halisi wa Marekani walikuwemo watu weusi na Wameksiko wengi, lakini kwenye televisheni unaweza kutazama vipindi hamsini usimwone mweusi hata mmoja mwenye jina. Ilibidi ifike 1965, msimu wa mwisho wa Rawhide, ndipo Raymond St. Jacques akapewa nafasi ya kudumu miongoni mwa wachunga ng'ombe, akiwa Simon Blake. Sammy Davis Jr., aliyekuwa hodari wa kweli wa kuchomoa bastola, alikuja kwenye The Rifleman mwaka 1962 kama mgeni tu. Wenyeji wa asili mara nyingi waliigizwa na Wazungu waliopakwa rangi. Jay Silverheels, Mmohawk kutoka Kanada aliyekuwa Tonto, mwenzi wa shujaa wa The Lone Ranger, alikuwa mmoja wa wachache halisi, na akapewa maneno mafupi yaliyokatwakatwa wakati yeye mwenyewe alizungumza Kiingereza safi. Mtazamaji mwaminifu aone vyote viwili, ufundi na dhuluma.

Kwetu Afrika Mashariki kauboi alitangulia kuingia kwa sinema. Vijana wa Dar es Salaam wa miaka ya 1950 walishaiga kofia na mwendo wake kabla televisheni haijafika: Kenya 1962, Uganda 1963, Zanzibar 1973, Tanzania Bara 1994. Zama hizo vituo vya nchi za nje vilipelekewa kopi za filamu za milimita 16. Kama kuna mwenye mkanda wa aina hiyo stoo, afungue kopo anuse. Harufu ya siki ina maana mkanda umeanza kuoza, nayo huambukiza mikanda mingine, kwa hiyo utengwe leo hii. Usifungwe kwenye plastiki isiyopitisha hewa. Unataka ubaridi na ukavu, vitu vilivyo adimu pwani. Ukiona umejikunja au umesinyaa, usiutie kwenye projekta, meno yatauchana. Kopi za rangi zilizogeuka waridi zimepoteza rangi nyingine, na hiyo hairudi yenyewe; za nyeusi na nyeupe huishi zaidi.

Anayetazama leo kwenye runinga ya kisasa aanze kwa kurekebisha umbo la picha liwe 4 kwa 3. Ukiijaza skrini nzima kwa kukata juu na chini, unakata kofia, na kauboi asiye na kofia ni karani. Zima ule mtambo unaolainisha mwendo. Kisha tazama urefu: kipindi cha nusu saa kinachoishia dakika 22 kimekatwa ili matangazo yaingie, na cha saa nzima cha miaka ya 1960 chenye dakika 44 vilevile, kizima kinakaribia 50. Ukipata Bonanza za mwanzo ambazo hazina ule wimbo wao wa Jay Livingston na Ray Evans, hizo ni kopi za bei rahisi zilizobadilishwa muziki, na picha zake mara nyingi ni hafifu pia.

Kwa anayeanza, ningemshauri achukue kwanza Gunsmoke za nusu saa, kumi hivi, kisha Have Gun – Will Travel ya Richard Boone, ambayo vipindi 24 viliandikwa na Gene Roddenberry kabla hajabuni Star Trek. Bonanza za 1959 azitazame mwisho, jicho likiwa limezoea nyeusi na nyeupe, ili rangi zile zimpate kama zilivyowapata watu wa wakati ule. Na majina ya mwishoni yanapopanda, asishike rimoti. Mpiga picha, mhariri, mtunza silaha na fundi sauti wote wako mle, kwa herufi ndogo, na yanapita haraka.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.